Shamba la Mama kwa Wenye Njaa

Ruaruke, Rufiji
12 Mfungo Tano, 1325

Mpendwa kaka Mshamu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Unguja, wewe, wifi Mwantum na watoto. Kile kifua chako kimepoa? Sisi tu hai, alhamdulillahi. Tumekonda, lakini tunatembea.

Barua yangu ya kwanza ilikueleza kuwa mama ametutoka, na kabla yake mwanangu Zena. Sikukueleza yote. Mkono ulikataa.

Habari za vita vya maji umezisikia. Askari walipochoma maghala ya Wamatumbi huko milimani, watu waliteremka huku kwetu, wengi wao wanawake na watoto, wengine hawana hata nguo. Mama alikuwa na mpunga ghalani. Akawa anapika uji kila asubuhi kwa kile chungu kikubwa cha harusi, akawagawia.

Miezi ikapita. Nikamwambia, "Mama, mpunga unakwisha, na Zena ni mjukuu wako."

Akanijibu, "Zena amekula asubuhi. Yule pale hajala tangu juzi."

Nilikasirika.

Masika mto ukafurika, ukachukua mazao yote ya shamba la bondeni. Mbegu za kupanda tena hatukuwa nazo, mama alishazipika. Tukala mizizi ya porini. Zena akashikwa na tumbo la kuhara, na mwili wake haukuwa na nguvu. Mwezi wa Rajabu alinifia mapajani. Miaka sita, kaka. Aliniuliza kama uji umeiva, kisha hakusema tena.

Siku ile nilimwambia mama, "Umewalisha wageni, wangu tumemzika." Tangu hapo kila tukipata chakula alikula matonge mawili, akasema ameshiba. Alidhoofika hivyo hivyo mpaka akafa, Mfungo Nne.

Siku chache kabla hajafa alimwita Mwalimu Sadallah na mashahidi. Akasema anataka shamba la bondeni na minazi yake yote viwe wakfu, mazao yaliwe na wenye njaa siku zote. Mwalimu akaeleza kuwa sheria inamruhusu kutoa theluthi tu. Iliyobaki ni haki yetu, mimi na wewe, mpaka kila mmoja aridhie sehemu yake.

Nikasema siridhii. Mama alisikia. Aligeukia ukutani.

Juma lililopita akaja mwanamke wa milimani, jina lake Fatu, amemshika binti yake mkono, na kikapu cha mtama mpya kichwani. Alikuja kumshukuru mama, hakujua kama amekufa. Nilipomwambia, alikaa chini akalia. Kisha akauliza, "Na yule mjukuu wake je? Yule aliyekuwa akimmiminia mwanangu uji wake mwenyewe?"

Kaka, mimi mama yake nilikuwa sina habari. Nilimchukua Fatu na mwanawe nikawapeleka makaburini. Tulipalilia kaburi la Zena watu watatu.

Jana nimekwenda kwa Mwalimu Sadallah, nimeridhia sehemu yangu. Usidhani moyo wangu umetulia. Kuna siku namlaumu mama mpaka nachoka. Lakini sadaka ile ilikuwa ya mwanangu pia, nami siwezi kumnyang'anya.

Sehemu yako iko mikononi mwako. Una watoto wa kulisha, na ukikataa sitakulaumu, maana nami nilikataa. Ukiridhia, mwandikie Mwalimu, na umwombe wakfu uandikwe kwa majina mawili, la mama, Mwanawetu, na la Zena.

Mume wangu Salumu anakusalimu sana. Shangazi Siti anakuombea, na anauliza utakuja lini kuyaona makaburi. Msalimu wifi, uwabusu watoto kwa niaba yangu.

Mungu akuzidishie afya na riziki, na nyumba yako isiijue njaa. Niombee nami, kaka. Mama alikufa akijua nimekataa, na hilo sina pa kulipeleka.

Mdogo wako akupendaye,
Mwamini