Mahari Iliyokuwa Ndani ya Diski

Haubi, Kondoa
5 Mei 2025

Kaka Mbwana,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Wifi na watoto hapo Ipagala hawajambo? Sisi huku afya ipo, ila kibaridi cha asubuhi kimeanza kutuuma.

Usishangae kupata barua zama hizi. Shemeji zangu walipokuja kukusanya vitu vya marehemu Swalehe walizoa na simu yangu, eti aliinunua yeye. Basi jibu kwa kondakta huyuhuyu wa basi aliyekuletea barua.

Kaka, nimeshtuka. Eda sijamaliza, na tayari wameniambia nikitoka nirudi kwetu, shamba ni lao. Lile ni mahari yangu! Wanasema cheti cha ndoa kimeandikwa Msahafu peke yake. Ni kweli, lakini shamba lilitamkwa kwa mdomo pale barazani. Mimi sikusikia, bibi harusi nimefungiwa chumbani na vigelegele. Shehe aliyetuozesha amefariki. Mashahidi wawili ni wa upande wao, na wamepoteza kumbukumbu siku moja. Wewe wazee wa kijiji wanaosikiliza shauri hawakutaki uwe shahidi, wanasema ni ndugu na ulikuwa unahangaika na kamera.

Amebaki baba mdogo Abdulwahab, uliyemwachia awe walii wangu, aliyetamka maneno yenyewe. Wazee watamwita. Na imebaki video yako. Nitumie, kaka. Bila shamba lile wanangu watakula nini?

Mdogo wako,
Nasra


Ipagala, Dodoma
12 Mei 2025

Mdogo wangu Nasra,

Waalaykum salaam, marahaba. Pole tena kwa msiba. Sisi wazima, lakini barua yako ilinikosesha hamu ya kula.

Niliwasha kompyuta papo hapo. Ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikasikia ndani inagonga tak, tak, tak. Hata hivyo nikajipa moyo, maana harusi yako niliihifadhi mara mbili, moja kwenye C ya kompyuta, nyingine kwenye D. Miaka yote nimelala usingizi wa pono kwa sababu ya hiyo D.

Nikaibeba kwa Henry, fundi wa kompyuta jirani yangu. Akanitazama kwa huruma. "Mbwana, diski yako ni moja tu; C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikianguka, utakimbilia chumba gani?" Nasra, nilikaa chini kwenye sakafu yake. Mimi mpiga picha wa harusi, mwenye bango na namba za simu, sikujua!

Amebadilisha waya, bado inagonga. Amenikataza kuiwasha tena, maana kila diski ikizunguka inazidi kujiua. Ataichomoa aiunganishe na mashine yake, kisha programu iokoe kipande kimoja kimoja. Niombee dua.

Kaka yako,
Mbwana


Ipagala, Dodoma
24 Mei 2025

Nasra mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Watoto je? Sisi hapa ni furaha tupu!

Imepatikana! Programu ilisaga siku kadhaa, tukaokoa harusi moja tu, na ni yako. Picha imejaa viraka, Swalehe hana kichwa, lakini sauti ni safi. Baba mdogo anasikika kama yumo chumbani, anatamka Msahafu na shamba na mipaka yake, na Swalehe anakubali. Nililia mbele ya Henry.

Faili hairudishwi kwenye diski inayokufa, hivyo tuliiweka kwenye flashi. Na tazama bahati: baba mdogo mwenyewe alikuwa Dodoma kutibiwa macho! Henry alitaka tunakili kwanza kwenye mashine yake, nikamwambia basi la mzee linaondoka, na diski si ipo? Nikakimbia stendi nikampa mkononi akuletee. Nikamwambia, "Baba, sauti yako imo humu, inamwokoa mwanao." Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Kaka yako,
Mbwana


Haubi, Kondoa
24 Mei 2025

Kaka,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nyumbani hawajambo? Mimi sijui niseme niko mzima.

Wazee walimwita baba mdogo kabla hajaja huko kwa ajili ya macho. Akasema hakutaja shamba lolote. Kaka, baba mdogo! Mkono uliotupeleka shule! Nilidhani nimesikia vibaya, nikamtuma mwanangu akaulize tena, jibu lilelile. Jirani ananiambia shemeji zangu wamemkatia kipande cha kulima upande wa barabarani.

Akija kwako mpe chai, msalimie vizuri, lakini habari ya video usimgusie hata kidogo.

Mdogo wako,
Nasra


Ipagala, Dodoma
28 Mei 2025

Nasra,

Salaam. Barua yako imenifikia leo.

Nimekwenda kwa Henry mbio. Diski haigongi tena, haizunguki, imekufa. Mipaka siikumbuki, nilikuwa naruka kwa furaha. Nisamehe, dada. Niambie kama amekupa chochote.

Mbwana, kakako


Haubi, Kondoa
9 Juni 2025

Kaka Mbwana,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Wifi hajambo? Wanao?

Baba mdogo alifika. Nilipomuuliza flashi akasema hukumpa kitu, na akaapa bila kuombwa aape. Nitakwambia ukweli, usiku mzima nilikushuku wewe.

Jana wazee walikuja barazani kwangu kumaliza shauri. Mimi nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka. Shemeji wakasema yao. Baba mdogo akarudia yake kwa sauti ya upole kabisa. Mzee Ramadhani, mkubwa wao, akauliza kama nina neno.

Sijui yalinitoka wapi. Hasira ilinipanda nikapaza sauti: "Ninalo! Shamba lote ni langu, kutoka korongoni mpaka barabarani!"

"Barabarani?" Baba mdogo aliruka, nikasikia kiti kinaanguka. "Mwongo mkubwa wewe! Nilitamka korongoni mpaka kwenye ua wa minyaa! Upande wa barabarani haukuwemo!"

Mzee Ramadhani akamuuliza taratibu, "Ulitamka lini, Abdulwahab?"

Shemeji mmoja alisonya, akaondoka. Wazee wamekubaliana shamba ni langu mpaka kwenye minyaa, nami sitaki zaidi ya hapo. Baba mdogo alipita dirishani kwangu akielekea njiani, hakugeuka.

Nimeshinda, na bado najiona kama nimeibiwa. Eda ikiisha wazee wanataka nikaonyeshwe mipaka, na mwanamke husindikizwa na walii wake. Sina mwingine wa kumwambia. Njoo wewe.

Mdogo wako,
Nasra