Jina la Njiani

Kigwa, Jumamosi

Shikamoo Mama,

Usishtuke kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningelia.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu tuanze kuifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara, na Jumatatu tutaingia Tabora. Miguu imevimba kidogo tu. Michembe ya viazi vikavu uliyonifungia bado ipo.

Huku njiani mtu hajipi jina, hupewa na wenzake. Justus anaitwa Jogoo kwa sababu haamki mpaka avutwe miguu. Mimi wameniita Geuka, maana kila baada ya hatua chache natazama nyuma. Wanadhani naogopa fisi. Jina nimelipenda. Niliwaambia naitwa Elieth, la nyumbani nikalificha, kwani tangu tumzike Kulwa sitaki mtu aniulize pacha wangu yuko wapi.

Jana, kabla ya kufika hapa, bibi mmoja kisimani aliniuliza jina kwa Kinyamwezi. Nikajisahau, nikasema Doto.

"Na Kulwa yuko wapi?"

"Ametangulia," nikajibu huku nikitazama nyuma.

Akaitazama njia iliyo mbele yetu, kisha akanijazia chupa yangu maji. "Basi mjukuu wangu, acha kugeukageuka. Kaza mwendo umfikie."

Usihofu, Mama. Tangu hapo natembea polepole, nyuma ya wote.

Mwanao aliyebaki,
Doto