Tumbo la Hakimu

4 Machi

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Natumaini mguu wako unaunga vizuri, na kwamba Shangazi hakukaripii sana. Sisi hatujambo, isipokuwa mbwa wako Hakimu. Bado anaharisha. Jana aliharisha kwenye zulia la sebuleni mbele ya wageni wa Mama, kisha akakaa pembeni akiwatazama kana kwamba wao ndio waliofanya.

Daktari wa mifugo amesema si minyoo. Utumboni mna askari wa kinga, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu. Askari wa Hakimu wamechanganyikiwa, wanashambulia hata chakula, ndiyo maana utumbo unavimba. Amepewa vidonge, na ale nyama ya sungura na viazi tu, vitu ambavyo askari hao hawajawahi kuviona. Akionja kingine chochote, tunaanza upya.

Mama amesema asipopona kabla shule haijafungwa, atampa mlinzi wa ghala la mbao. Nami vidonge vinanishinda, kwa sababu anavitema. Nifanyeje?

Mjukuu wako

11 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mguu unawasha ndani ya plasta, na shangazi yako amenificha sindano ya kufumia niliyokuwa nikijikunia. Mengine ni mazuri.

Umri wangu wote sikujua kwamba mbwa ana jeshi tumboni, tena jeshi lisilomjua adui. Mfuate daktari. Kuhusu vidonge, usihangaike. Chemsha yai, ufiche kidonge kwenye kiini. Atameza huku anatikisa mkia. Nimemfanyia hivyo tangu utoto wake.

Mwombe mama yako asiwe na haraka. Nikirudi bila Hakimu kuwepo, nani atanipokea mlangoni? Ninyi huwa mnatazama televisheni.

Babu yako

2 Aprili

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Pole na muwasho. Yai limefaa sana, hajatema hata kidonge kimoja. Lakini kuharisha kumezidi, na sasa mbavu zinaonekana. Nina hakika kuna mtu humu ndani anamlisha kwa siri.

Nimewahoji wote. Kaka alisema, "Mimi mwenyewe sishibi, nimgawie mbwa?" Mama akasema, "Nimlishe huyo aliyeniaibisha?" ila hakunitazama usoni. Nimelifunga kabati la mikate kwa kamba. Baba sasa huniomba ruhusa ili apate kifungua kinywa, na halifurahii jambo hilo.

Shule inafungwa mwisho wa mwezi. Babu, nina hofu.

Mjukuu wako

7 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Naandika upesi, shangazi yako anakwenda posta. Mfungulie baba yako mkate.

Nilimsomea shangazi yako barua yako alipokuwa akikunja nguo. Akaniuliza, "Baba, yai ni sungura au ni kiazi?" Alicheka mpaka akazikalia nguo alizokwisha kuzikunja.

Acha yai leo hii. Kidonge kifiche ndani ya kiazi. Uwaombe radhi wote kwa niaba yangu, na mama yako umwombe kwanza.

Babu yako

28 Aprili

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia plasta imetolewa. Niliwaomba radhi wote. Kaka alidai aombwe mara mbili.

Tangu wiki iliyopita Hakimu anapata choo kigumu. Nilimwita Mama akione. Alikuja, akakitazama, akasema, "Haya." Daktari anasema ugonjwa huu haumaliziki, hutulizwa tu, kwa hiyo sungura na viazi vitaendelea.

Leo asubuhi mlinzi wa ghala alikuja na mnyororo wake. Hakimu alikuwa kibarazani, manyoya yanang'aa, akitikisa mkia. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ndugu yangu, utanisamehe," akamwambia kwa upole. "Huyu ni mgonjwa sana. Sidhani kama atamaliza wiki."

Mlinzi alimtazama Hakimu, akamtazama Mama, akakunja mnyororo wake, akaenda zake.

Nilimuuliza Mama kwa nini amesema uongo.

"Niondokee hapo mlangoni," akasema, "viazi vyake vinaungua."

Mjukuu wako