Usingizi Niliougawa

Hjulsta, Stockholm
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa Dada Pélagie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote walio chini ya paa lako huko Lubumbashi. Mgongo unaendeleaje? Mwanao Heshima aliniambia kwenye simu kwamba sasa unaweza kuinama na kufagia mwenyewe. Nilishukuru, ingawa nakujua, hata ungekuwa unaumia ungefagia tu. Na shemeji Isak, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Theluji imefika magotini na pua zinatuwasha, lakini hatuna mgonjwa kitandani.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu. Barua hii anaileta Thierry wa kanisani kwetu, anayekuja kumzika baba yake. Nimemwomba akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho kabla ya kumwita mtu.

Nianze na habari ndogo. Shemeji yako Urbain bado yuko kwenye ghala kule Jordbro, kazi ya usiku. Anatoka saa moja jioni, maana ni kuvuka mji mzima, na anarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndipo mimi nami natoka kwenda kusafisha ofisi Sundbyberg. Tunapishana mlangoni kama walinzi.

Gaëlle ametimiza miaka saba na meno mawili ya mbele yameng'oka. Shuleni anafanya vizuri. Kilichokuwa kinaniumiza ni lugha. Tangu aanze kusema, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Ulimsikia mwenyewe mwezi wa tisa, ulipomwuliza jina lake akanyamaza hadi ukakata simu kwa huzuni.

Mimi nasomea kazi ya kuwasaidia wauguzi, kwenye shule ya watu wazima, kila alasiri. Masomo ni mengi na yote kwa Kiswidi. Nilikuwa nafungua kitabu baada ya kumlaza mtoto, nasoma mstari mmoja mara nne, kisha naamka shavu likiwa juu ya ukurasa.

Katika darasa letu kuna binti anaitwa Rebecka, mama yake ni mtu wa Moshi. Yeye ndiye aliyenipa wazo. Alisema amesoma mahali kwamba zamani watu wa huku walikuwa wakilala mara mbili kwa usiku mmoja. Walilala mapema, wakaamka katikati wakasali, wakashona, wakala, kisha wakalala tena hadi asubuhi. "Ukigawa usingizi, Mama Gaëlle, unapata saa tatu ambazo hakuna anayekudai," aliniambia. Nikacheka. Lakini jambo lile likanikaa.

Nilianza Novemba, wakati jua huku linazama saa tisa mchana na mwili wenyewe unataka kulala. Namlaza Gaëlle, saa mbili nami nipo kitandani. Saa tano na nusu naamka, nasoma mezani jikoni hadi saa nane na nusu. Kisha narudi kulala hadi alfajiri.

Dada, wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Kichwa kilikuwa chepesi. Nilishika majina ya mifupa yote ya mkono na mguu, nikafaulu jaribio langu la kwanza. Kulikuwa na kimya ambacho kwetu hakipo, maana kwetu hata usiku wa manane kuna mbwa na jogoo asiyejua saa. Huku ni mabomba ya joto tu, yanagonga ukutani mara moja moja, kama mtu anayebisha hodi asiye na haraka.

Wiki ya pili, niliamka nikakuta kiti cha jikoni kando ya kitanda changu. Kimeelekea mto wa kulalia, karibu na uso wangu. Nikadhani Urbain alikiweka jioni akivaa viatu, nami sikukiona nilipolala. Nikakirudisha. Usiku uliofuata kilikuwepo tena, na sakafuni kulikuwa na glasi ya maji, nusu.

Nilimwuliza Urbain, akasema hajui. Nilimwuliza Gaëlle akinywa maziwa asubuhi, naye akasema kwa Kiswidi chake kwamba hajui, bila kuniangalia.

Kabla ya Noeli mwalimu wake akaniita. Mtoto analala darasani, akasema, anaweka kichwa juu ya meza kabla hata ya chakula cha mchana. Kisha akanionyesha michoro, kama kumi hivi. Kila karatasi ilikuwa na njia ya udongo mwekundu, watu wamebeba magodoro kichwani, na pembeni mtoto mdogo amelala kifudifudi. Mwalimu akauliza kama mtoto ameona filamu ya kutisha. Nikasema ndiyo.

Siku hiyo tulirudi kwa miguu kutoka shuleni. Ilikuwa saa tisa na nusu na giza limeshaingia, kwenye madirisha yote zimewashwa zile nyota za karatasi wanazotundika kabla ya Noeli. Gaëlle alinishika mkono akasema, kwa Kiswahili:

"Mama, kiatu yake ingine ilibakia wapi?"

Si Kiswahili cha darasa la lugha ya mama, wala hiki nilichojifunza kwa Watanzania wa kanisani. Kilikuwa kile chetu cha Rutshuru, kile nilichokuwa nasema nikiwa msichana, na lafudhi ile ile.

Nikamwuliza, "Kiatu cha nani?"

"Ya Akili," akasema.

Dada yangu, nisamehe kuandika jina hilo bila kukuandaa. Lakini lazima ujue nilivyosimama pale kwenye theluji. Jina la mwanao sijawahi kulitamka ndani ya nyumba hii. Hata Urbain nilimwambia tu kwamba dada yangu alipoteza mtoto wakati wa vita.

Urbain aliposikia akakaa kitandani. "Sikumwambia mimi," akasema. "Jina lenyewe ndiyo nalisikia leo." Jumapili alikwenda kumweleza Mama Natacha, kiongozi wa maombi kwenye kanisa letu la Sundbyberg. Mama Natacha akaja nyumbani na wenzake wawili, wakazunguka vyumba vyote wakiomba. Alisema kuna roho ya mtoto imetufuata na imempenda Gaëlle. Nilikuwa karibu kuamini. Gaëlle alikuwa amekonda, chini ya macho kumekuwa kweusi, na kila usiku nikiamka saa tano na nusu kiti kilikuwa pale, na kitambaa cha kukalia bado kina joto.

Ndiyo, dada, niliweka kiganja. Kilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuinuka.

Ningeacha mpango ule siku hiyo hiyo. Sikuacha, kwa sababu nilitaka kujua. Katikati ya Januari niliwasha simu inase sauti, nikaiweka nyuma ya pazia, nikalala. Sikuthubutu kuisikiliza usiku. Niliisikiliza kesho yake kwenye treni ya chini ya ardhi nikienda kazini, watu wamejaa pande zote, kila mtu na kahawa yake.

Kwanza ni pumzi zangu. Kisha mlango, hatua ndogo, kiti kinaburutwa. Kisha kimya. Halafu sauti yangu ikaanza kusema. Ni yangu, lakini ni ya msichana wa miaka kumi na saba. Inaeleza njia, nani alitangulia, nani alibaki nyuma. Inanyamaza, na sauti ya Gaëlle inasema polepole, kama mtu anayebembeleza, "Halafu?" Nami naendelea. Tena, "Halafu mukaenda wapi?" Nami naendelea.

Hapo ndipo mwanangu alipojifunza lugha yangu, dada. Miezi miwili alikaa kando ya mama aliyelala, kwa sababu mama aliyeamka hakuwa na habari za kumpa.

Mahali fulani nikasema, kwa sauti nyembamba isiyo yangu kabisa, "Mamudogo, maji." Nikasikia Gaëlle anatoka, bomba la jikoni linafunguliwa, anarudi, ananinywesha. Kisha nikaanza kulia usingizini na kuita, "Dada. Dada Pélagie." Na mtoto akajibu. Akajibu kama wewe. "Niko hapa," alisema. "Sema yote."

Nikasema yote. Nilipitiliza kituo changu, nikafika mwisho wa njia katikati ya mji, nikabaki ndani ya behewa tupu hadi dereva akaja kunigusa bega.

Sasa nakwambia wewe, nikiwa macho, mchana, dirisha liko wazi.

Ulipokuwa Goma ukimzaa Heshima, ule mwezi wa kumi wa 2008, na vita vikakata barabara, mimi ndiye niliyembeba Akili. Hilo ni kweli. Alikuwa na homa, hilo ni kweli. Lakini nilikuambia alifia kwenye kambi ya mapokezi upande wa Uganda, mikononi mwangu, mchungaji akimwombea. Si kweli, dada. Hatukufika naye kambini.

Usiku wa pili njiani tulipumzika kando ya barabara pamoja na watu wengi. Sikuwa nimefumba jicho tangu tuondoke nyumbani. Akaniomba maji. Sikuwa nayo. Nikamwambia angoje kupambazuke. Nikamweka mapajani nikamfunika na kitenge changu. Nikalala. Sikusinzia, dada, nililala usingizi mzito, usingizi mtamu, na hadi leo sijapata mwingine kama ule.

Nilipoamka jua lilikuwa juu na watu karibu wote wameondoka. Akili hakuwa mapajani. Alikuwa hatua kama ishirini, kwenye mtaro wa maji ya mvua, amelala kifudifudi, mkono mmoja ndani ya maji. Alikwenda kuyatafuta mwenyewe. Kiatu kimoja hakikuonekana. Nilimgeuza. Alikuwa baridi.

Mzee mmoja na mwanamke nisiyemjua walinisaidia kuchimba kwa jembe. Hatukuwa na mchungaji. Niliomba mimi, maneno yakanipotea katikati.

Ulipokuja kambini mwaka 2012 ukataka kuona kaburi, nilikupeleka makaburini nikanyoosha kidole kwenye kilima kidogo cha udongo. Nilichagua kilichokuwa kifupi. Umekijengea saruji, umepanda maua, na kila mwezi wa kumi unatuma mtu kupalilia. Sijui ni mtoto wa nani aliyelala pale. Nimeishi na jambo hilo miaka kumi na minne.

Urbain nilimwambia jioni ile ile nilipotoka kazini, kabla hajaenda Jordbro. Alisikiliza koti likiwa mwilini. Mwishoni alisema, "Mtoto wetu amekubebea hili tangu Novemba," akapiga simu ghalani kusema haendi.

Nikaacha kugawa usingizi, nikalala usiku mzima kama zamani. Bado kiti kikaja. Kikaja usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jumamosi ya mwisho wa Januari nikamwita Gaëlle sebuleni, mchana kweupe, nikamweleza kila kitu nikimtazama machoni. Kisha akauliza, "Mama mukubwa anajua?" Nikasema hajui. Tangu siku hiyo halali darasani, na kiti kinabaki jikoni. Kiswahili hakikuondoka. Ananijibu nacho kila siku sasa, kile cha kwetu, na Urbain anasema akifumba macho hajui ni yupi kati yetu anayesema.

Kuna jambo moja ambalo sijalielewa na sitakuficha. Kwenye ile sauti, baada ya kusema yote, unasikia Gaëlle anainuka, hatua zake, mlango wa chumba chake unafungwa. Baada ya hapo mimi naendelea. Nanyamaza kidogo, kama mtu anayeulizwa, kisha najibu. "Hapana, hukuwa mzito." Nanyamaza. "Nilikutafutia kiatu hadi mchana, sikukiona." Dakika ishirini hivi. Kwenye mapengo yale hakuna sauti yoyote, nimesikiliza na simu sikioni. Sijaifuta. Siwezi kuisikiliza tena pia.

Na kabla hajaondoka, dada, Gaëlle alisema hivi, kwa sauti ya kukuiga wewe: "Nimekusamehe. Ulale."

Nikalala. Tangu hapo nalala vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mwili wangu umepokea msamaha kutoka kwa mtoto asiye na haki ya kuutoa. Siuombi kwako kwa barua hii. Naona nisikuombe kitu kabla hujapata chako.

Chako ni hiki. Ukitoka Nyamilima kwenda Ishasha, baada ya shule yenye ukuta wa mawe meusi, njia inashuka na kuna kalavati. Usivuke. Upande wa kulia, hatua thelathini kutoka barabarani, kuna mwamba umepasuka katikati, mtu anaweza kupitisha mkono. Amelala hapo, kichwa upande wa mwamba. Nilimfunika kitenge changu cha bluu. Njia ikifunguka, na ukitaka niwepo, nitakuja. Usipotaka, nitajua sababu.

Nisalimie shemeji Isak, umwambie ajifunike kifua. Nisalimie Heshima, ambaye sijapata kumbeba, umwambie Gaëlle anataka kusikia sauti yake. Urbain anakusalimu kwa heshima zote. Mungu aliyemwona Akili wakati mimi sikumwona akukalie karibu unapoikunja karatasi hii, na asikuache peke yako usiku wa leo.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda ukinijibu na usiponijibu,

Maombi