Fundi wa Kumfokea

KIKAO CHA TATU CHA KAMATI YA NYUMBA YA MAMA

Tarehe: Jumamosi, tarehe 9
Mahali: Sebuleni kwa Dada, nyumba iliyojengwa na mumewe
Waliohudhuria: Kaka Mkubwa (Mwenyekiti), Dada, Mama, na mimi, karani wa shule (Katibu)
Walioalikwa: Shemeji, mume wa Dada, ambaye ni fundi, na fundi wa mtaa wa pili aitwaye Pimamaji, kwa kuwa kifaa hicho cha kupimia usawa hakimtoki kwapani
Asiyehudhuria: Mdogo wetu wa mwisho. Alipiga simu kwamba yuko njiani. Hata kikao kilichopita alikuwa njiani.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilichelewa dakika arobaini. Mlango wa mbele unasugua sakafu na hufunguka nusu tu, hivyo wajumbe waliingia kiubavu. Mwenyekiti, kwa ajili ya tumbo, alipitia jikoni. Alieleza kwamba mkataba wa kumjengea Mama nyumba lazima usainiwe leo, kwani mvua zinakaribia na Mama bado analala chumba kimoja na wajukuu wanne, mmoja wao mpiga mateke.

KUMB. NA. 2/3: KUCHAGUA FUNDI
Mwenyekiti alitaka kazi isitoke nje ya familia. Katibu aliuliza kama Mwenyekiti anakumbuka alivyoingia humu ndani. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asiulize. Katibu anaandika. Alipobanwa, Mwenyekiti alikiri kwamba alishamwahidi Shemeji kwa simu wiki iliyopita, bila kumshirikisha mtu.

Dada alieleza kwamba mumewe amejenga nyumba nyingi na hakuna iliyoanguka. Wajumbe walikubali kwamba hakuna iliyoanguka. Dada hakuipenda namna walivyokubali.

Pimamaji alipoulizwa kuhusu uzoefu wake, alitoa kifaa chake na kukiweka kwenye ukingo wa dirisha, kwa mazoea tu. Kipovu kilikimbilia pembeni kikakaa hukohuko. Alikirudisha kwapani, akaomba maji ya kunywa.

Shemeji aliinamia viatu vyake. Dada alianza kulengwalengwa na machozi.

Mama aliomba nafasi, akasema: "Huyu ni mkwe wangu na ninampenda. Ukuta wake ukipasuka nitanyamaza, maana siwezi kumfokea mume wa mwanangu. Nitakaa na ufa wangu mpaka nife. Mimi nataka fundi wa kumfokea."

Shemeji aliinua uso. "Mama, tangu Kaka anipigie simu, sijalala."

AZIMIO: Pimamaji apewe kazi. Shemeji awe msimamizi wake, kwa kuwa, kwa maelezo ya Mama, makosa yote ya ujenzi anayafahamu kwa karibu. Wote waliunga mkono, Mwenyekiti akiwa wa mwisho.

KUMB. NA. 3/3: MKATABA
Katibu alisoma mkataba: vyumba viwili, jiko na baraza. Mwenyekiti alipendekeza chumba cha tatu, cha wageni. Mama alikataa, akisema wageni hao anawajua, amewazaa mwenyewe.

Shemeji, akiwa shahidi, aliupitia mstari kwa mstari, akaomba kiongezwe kipengele: hakuna mlango utakaopokelewa kabla Mama hajaufungua na kuufunga mwenyewe mara tatu. Pimamaji aliuliza kwa nini mara tatu. Shemeji alijibu kwamba mara ya kwanza hata wa kwake ulifunguka. Dada alicheka kwanza, ndipo wengine wakacheka.

Mkataba ulisainiwa. Mama aliandika jina lake polepole, akalitazama, kisha akampa Pimamaji onyo lake la kwanza kuhusu kuchelewa kazini.

KUMB. NA. 4/3: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilimalizika saa 10:50 jioni. Mwenyekiti aliinuka kuelekea jikoni. Shemeji alimwomba asubiri kidogo. Aliung'oa mlango wa mbele kwenye bawaba zake, akaulaza uani, akaanza kuupiga randa.

Wajumbe wote, Mwenyekiti akiwemo, walitoka kwa kupitia mbele.

Tumethibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa:

................................
Kaka Mkubwa, Mwenyekiti (baada ya kuomba mstari wa tumbo ufutwe, na kukataliwa)

................................
Mtoto wa Tatu, Katibu