Mia na Hamsini Hakurudi Zizini

Jumatatu, 10 Machi 2025
Siku ya tatu ya kusahihisha mock ya Kidato cha Sita. Shule sita, karatasi mia mbili na kitu, na mgongo mmoja — wangu. Swali la 8 nililitunga mwenyewe, na mwongozo wa majibu niliuandika mwenyewe: rahisisha sin⁻¹(sin 150°), bila kalkuleta. Jibu: 150°. Alama nne za bure, nilidhani. Darasa langu wamepata wote isipokuwa Sayi, binti wa wafugaji wa Lingeka. Kaandika 30°. Nimemkata zote nne, kabaki na 38. Chini ya arobaini, mkuu anamwita mzazi. Shauri yake.

Jumanne, 11 Machi
Sayi kanifuata ofisini na karatasi yake. Mimi kinyume cha sin nakifundisha kwa mfano wa ng'ombe — mtu wa Pangani, niliyelelewa kwa pweza, najifanya mjuzi wa ng'ombe mbele ya Wasukuma! Nasema: sin anamtoa ng'ombe zizini asubuhi, sin⁻¹ anamrudisha jioni. Aliyetoka ndiye anayerudi. Miaka kumi na saba nasema hivyo, nao wanaitikia kwa vichwa.

Sayi anasema si hivyo. Kwao ng'ombe wengine wa baba wamewekeshwa kwa jirani, wanalala huko. Na huyu sin⁻¹ ni mchungaji wa zizi moja tu: hasi tisini mpaka tisini. Mia na hamsini si wa zizi hilo. Kwa hiyo analeta anayefanana naye, thelathini, maana sin ya wote wawili ni nusu.

Nilikuwa na njaa. Nimechoka. Nikamwambia ubishi haumwongezei mtu alama. Akakunja karatasi, akaondoka.

Jumatano, 12 Machi
Mzee Luhaga, baba yake Sayi, kafika saa saba mchana na matope hadi magotini. Kanisalimu kwa Kisukuma: mwadila, mwalimu. Hakuuliza habari ya hesabu hata kidogo. Alitaka kujua tu kama binti yake amenivunjia heshima. Nikasema... kidogo. Akamwambia Sayi maneno machache ya Kisukuma. Mtoto akapiga magoti palepale: nimekosa, mwalimu, nisamehe.

Na mimi nikamsamehe!

Jioni nimechukua kalkuleta, niupate usingizi tu. sin⁻¹(sin 150°). Ikaleta 30. Nikabadilisha betri. 30.

Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kazi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempigia Masele, mwenyekiti wa jopo letu la usahihishaji. Kwanza kacheka. Kisha: matokeo yameshapelekwa, mwongozo una saini, na saini ya kwanza ni yako. Mock ni mock tu, Hemed, acha kuchokonoa.

Basi nimekwenda darasani. Nimesema nilikosea mimi, na Sayi ndiye aliyepatia. Halafu Anatoli, yule wa dawati la mbele, akakiri kwamba kalkuleta zao zinaleta 30 tangu mwaka jana. Walidhani ni feki! Wakacheka darasa zima, hata mimi. Sayi hakucheka. 38 yake ipo palepale, na mtihani wa Taifa ni mwezi wa tano.

Ijumaa, 14 Machi
Jaribio fupi. Nasimamia huku naandika, miguu inaniuma. Swali ni moja: sin⁻¹(sin 200°). Nimepita kwenye madawati, karibu wote −20°. Anatoli naye kapata!

Dawati la Sayi: −20°, kakata. 200°, kakata. −20° tena, kakata. Chini yake hakuna kitu. Mtoto aliyelijua hili kabla yangu.

Kanyoosha mkono. Nimeinama. Ananong'ona, kwa adabu ileile ya juzi akiwa amepiga magoti: mwalimu, hili utalisahihisha wewe, au wale wenye mwongozo?

Nimerudi mezani kuandika haya. Zimebaki dakika kumi na mbili. Kalamu kaiweka chini, ananitazama.