Daktari Omolo na Oili Chafu

Billy, kaa chini kwanza. Daktari Omolo ameaibika mbele ya wapangaji wa ploti nzima hapa Kawangware.

Unamjua Tarzan, mbwa wa Auntie Jael. Amenyeshewa na hii mvua ya El Niño wiki mbili mfululizo, manyoya yakang'oka, vidonda vikajaa mgongoni. Omolo, msomi wa bweni aliye likizo kwa Auntie, akatangaza tiba: oili chafu ya gereji. Akampaka mgongo mzima. Oili chafu, Billy!

Tarzan akajilamba, akatapika, akalala kama maiti. Auntie akakimbia Riruta kumwita daktari wa mifugo.

"Nani alimpaka hii sumu?" daktari wa mifugo akauliza.



"Ni huyu wa Form Two," Auntie akasema. "Ati anajua Biology."

Ploti ikacheka hadi watoto wakalia.

Wakamwosha kwa sabuni mara tatu. Daktari wa mifugo akanyoa manyoya kando ya vidonda, akapaka dawa, akasema atapona mradi akaushwe kila akinyeshewa na alale pakavu.

Auntie akakagua nyumba. Paa linavuja kila mahali isipokuwa juu ya kitanda cha Omolo.

Kwa hivyo mgonjwa anakoroma kitandani. Daktari Omolo yuko chini kwenye gunia, matone yakimwingia sikioni.